Mbawakawa wa Majani Yaliyooza: Makao Yake Shambani na Nyumbani

Yafaa kila mkulima amjue mdudu huyu, kwa kuwa ni mwindaji wa wadudu waharibifu, na tena ni adui wa ngozi na macho ya watu. Kwa kawaida huitwa nzi wa Nairobi, lakini si nzi kabisa. Ni katika jamii ya mbawakawa, ila mbawa zake ngumu za juu ni fupi mno, hata sehemu kubwa ya tumbo imebaki wazi. Mbawa nyembamba za kurukia zimekunjwa chini ya hizo fupi. Urefu wake ni kadiri ya milimita 7 hata 10. Kichwa ni cheusi, kifua chekundu, mbawa fupi zang'aa buluu au kijani, tumbo ni jekundu, na ncha ya tumbo ni nyeusi. Akishtuliwa hukimbia upesi kama siafu na kuinua mkia kama nge. Hata hivyo hana mwiba.

Jamii yake ni kubwa ajabu. Wataalamu wameandika zaidi ya aina 60,000 za mbawakawa wenye mbawa fupi, na wengi wao hukaa katika majani yaliyoanguka msituni, chini ya magome ya miti, au katika mavi ya ng'ombe. Karibu wote hawamdhuru mtu. Wenye sumu wamo katika ukoo uitwao Paederus na jamaa zake wa karibu. Ukoo huo umeenea katika nchi za joto na hata Ulaya, na hapa Afrika ajulikanaye sana ni Paederus sabaeus.

Basi hupendelea mahali gani? Jibu ni moja: penye unyevu. Jike hutaga mayai moja moja katika udongo mbichi au majani yanayooza, na mayai hayo yakikauka hufa. Buu nalo huwinda humo humo, kisha hujifanyia chumba kidogo udongoni na kugeuka kuwa mbawakawa kamili. Kwa sababu hiyo mtafute kando ya mito na vinamasi, kingoni mwa mifereji, katika mashamba ya mpunga, na chini ya matandazo yasiyokauka. Katika majani makavu yapigwayo na jua mchana kutwa hutampata, au utampata kwa nadra.

Ukitaka kuhakikisha, chukua majani ya ardhini kiasi cha kikapu kimoja kutoka ukingo wa mfereji, na kikapu cha pili kutoka mahali pakavu. Yatandaze juu ya kitambaa cheupe, uyachambue kwa kijiti, wala usitumie vidole. Hesabu walioko katika kila fungu. Fanya hivyo wakati wa mvua na tena wakati wa kiangazi, nawe utajua mwenyewe shamba lako linawaficha wapi.

Mvua nyingi huwazidisha. Baada ya mvua kubwa za El Niño za miaka 1997 na 1998 walionekana Kenya kwa wingi, na watu wengi wakaugua ngozi na macho. Makao yao yakifurika au yakikauka huhama, na usiku huvutwa na taa. Hapo ndipo huingia nyumbani.

Sumu yake imo katika damu yake, hutengenezwa na vijidudu vidogo sana waishio mwilini mwa majike. Humpata mtu pale mdudu anapopondwa juu ya ngozi. Kwa kawaida wekundu na malengelenge hutokea baada ya siku moja au mbili, na mkono uliogusa sumu ukipangusa jicho, jicho huvimba. Akikutua mwilini, mpulize au mwache apande karatasi, kisha uoshe mahali hapo kwa sabuni na maji mengi. Jicho likiingiwa, lioshe kwa maji safi, uende hospitali bila kukawia.

Wako wakulima ambao, wakisikia habari hizi, huchoma majani yote ya shamba. Mimi siwaungi mkono. Mbawakawa huyu na buu lake hula vidukari, mayai ya wadudu na viwavi wachanga. Na matandazo yakiteketea, udongo hukauka na kuoshwa na mvua. Sogeza tu rundo la taka na majani mabichi mbali na nyumba, usilundike matandazo chini ya madirisha, na uzibue mifereji iliyotuama karibu na ua. Jioni funga madirisha kabla ya kuwasha taa, au uyawekee wavu wenye matundu madogo. Nguo zilizoanikwa nje na matandiko yakung'utwe kabla ya kutumiwa, hasa ya watoto wachanga, kwa maana wao hupangusa macho bila kujua.