Kufundisha Mada ya Hewa: Mwinuko wa Nchi na Uchafu wa Ozoni

Mtoto wa darasa la sita akiulizwa ni wapi penye hewa safi, aghalabu hujibu: "Mlimani." Jibu hilo lina ukweli, lakini si ukweli wote. Mwalimu akiliacha lipite bila kulichambua, hupoteza nafasi ya kuwazoeza watoto kutafuta sababu badala ya kukariri majibu. Makala haya yanaeleza jinsi mwinuko wa nchi uwezavyo kuongeza uchafu wa ozoni, na namna ya kulifundisha jambo hilo kwa vifaa vya kawaida.

1. Maarifa ya mwalimu

Ozoni ni gesi ambayo kila molekuli yake ina atomu tatu za oksijeni. Ile iliyo juu sana, baina ya kilometa 15 na 35 hivi, hutukinga na mionzi mikali ya jua iitwayo urujuanimno. Gesi hiyo hiyo ikiwa karibu na ardhi huwasha koo, huumiza mapafu na kudhuru mimea. Ozoni ya chini haitoki katika bomba la gari. Huundwa hewani, mwanga wa jua unapozivunja oksidi za naitrojeni zilizomo katika moshi, nayo mivuke ya petroli ikaichochea kazi hiyo. Basi huhitaji mambo mawili: uchafu na jua.

2. Mfano wa Mexico City

Jiji hili liko meta 2,240 juu ya usawa wa bahari. Kwanza, hewa ya huko ni nyepesi, nayo huchuja mionzi kidogo. Urujuanimno huongezeka kwa kadiri ya asilimia 10 katika kila meta 1,000 za mwinuko. Pili, kila pumzi ina oksijeni kama robo tatu tu ya ile ya pwani. Injini za kabureta zilizorekebishwa kwa nchi za chini zilipata petroli nyingi kuliko hewa, zikatoa mivuke isiyoungua. La tatu latokana na umbo la nchi: jiji limo bondeni, limezungukwa na milima, na asubuhi nyingi za kiangazi hewa baridi hutuama chini ya hewa yenye joto, ikaufungia moshi.

Novemba 1989 serikali ilianza kuyapumzisha magari siku moja kwa juma. Kuanzia magari ya mwaka 1991, vichujio vya kemikali viliwekwa katika njia ya moshi. Ozoni imepungua tangu wakati huo, lakini haijakoma kuwasumbua wakazi.

3. Kielelezo darasani

Mwalimu asijaribu kutengeneza ozoni, kwani ni sumu. Achukue glasi mbili. Katika ya kwanza atie maji baridi yenye wino, kisha amimine juu yake, polepole kwa kupitia mgongo wa kijiko, maji ya uvuguvugu yasiyo na rangi. Wino utabaki chini. Katika ya pili aanze na maji safi ya baridi, halafu atie maji ya uvuguvugu yenye wino chini kabisa kwa mrija. Wino utapanda. Watoto waeleze wenyewe ni glasi ipi inayofanana na bonde la asubuhi.

4. Tahadhari

Watoto wasiondoke wakiamini kwamba mlima huzaa uchafu. Mwaka 1999 kituo cha kupima hewa kilianzishwa kwenye Mlima Kenya, meta 3,678 juu, kwa sababu mahali hapo pako mbali na moshi wa miji. Mwinuko huzidisha madhara ya moshi uliopo, hauuzai.

Maswali ya kujipima

(a) Kwa nini ozoni ya chini huongezeka mchana?
(b) Miji miwili ina magari sawa na jua sawa, mmoja pwani na mwingine nyanda za juu. Wakazi wa mji upi wana haja kubwa zaidi ya kupunguza moshi? Toa sababu mbili.