Somo: Diski ya Kompyuta Ikifa, Kikundi Kifanye Nini?

Siku hizi vikundi vingi huandika hisa na mikopo kwenye laptopu badala ya daftari. Ni vizuri. Lakini je, siku diski kuu ikifa, tufanye nini?

YALIYOTUPATA

Sisi tulijifunza kwa kuumia. Kikundi chetu hukutana Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, na wengi wetu ni akina mama wauza mahamri na viazi karai. Laptopu yetu ilianza kutoa mlio wa tik-tik na kufungua kazi pole pole mno. Tukasema, aa, ni uzee tu. Baada ya wiki mbili ikawa inawaka taa, lakini kwenye skrini ni weusi na maandishi machache meupe. Tukavuka Digo Road kwenda kwa fundi. Akatuuliza neno moja: "Nakala mnazo?" Tukatazamana.

Diski mpya ilipatikana na mashine ikafanya kazi siku iyo hiyo. Hesabu za miezi minane ndizo zilizokwenda. Kila mwanachama alileta kitabu chake kidogo, tukaandika upya kwa Jumamosi tatu. Mwenzetu mmoja kitabu chake kilikuwa kimelowa mvua, hakisomeki. Yeye alisema ameweka kiasi hiki, mweka hazina akakumbuka kingine. Nusura watu wavunje urafiki wa miaka. Kilichotuokoa ni ujumbe wa M-Pesa uliobaki kwenye simu yake.

DISKI NA MFUMO

Diski kuu ni ghala. Ndani yake mna kazi zenu, na pia mfumo endeshi, yaani ile programu kubwa inayoiamsha kompyuta na kuongoza programu nyingine zote. Windows ni mfumo endeshi. Ubuntu na Linux Mint pia. Diski mpya huja tupu. Kwa hivyo hata ikifungwa vizuri, lazima mfumo uwekwe upya.

HATUA KWA HATUA

1. Mkisikia tik-tik, nakilini kazi zenu mara moja, kisha msiendelee kuiwashawasha.

2. Nunueni diski inayofaa. Laptopu nyingi za zamani hutumia SATA ya inchi 2.5. Afadhali SSD: haina kitu kinachozunguka ndani, basi hustahimili mitikiso ya matatu, tena ina kasi. Nendeni na ya zamani mkalinganishe. Daini risiti.

3. Tafuteni flashi ya GB 8 au zaidi. Kwenye kompyuta nyingine yenye intaneti, tengenezeni flashi ya Windows kwa programu ya bure inayotolewa na Microsoft wenyewe. Angalieni, vyote vilivyomo kwenye flashi hiyo vitafutwa.

4. Zimeni mashine, chomoeni chaja, toeni betri kama inatoka. Fungueni kwa bisibisi, mbadilishe diski, mrudishe betri na chaja.

5. Ngojeni betri ijae, maana stima ikipotea katikati ya kazi mtaanza upya. Chomekeni flashi, washeni, na papo hapo bonyezeni F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, au F9 kwa HP nyingi. Chagueni flashi.

6. Mkiulizwa namba ya leseni, msikimbilie kununua. Windows 10 au 11 iliyokuwa halali hutambuliwa kwa bodi kuu ya mashine, si kwa diski. Semeni hamna namba, mchague toleo lile lile la kwanza, Home au Pro. Mkiingia kwenye intaneti itajithibitisha.

Jueni pia kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo mashine nyingi kuukuu hazina. Mashine kama hiyo yaweza kuwekewa Linux Mint, ambayo ni bure na huja na LibreOffice ya kuandikia hesabu.

DISKI YA ZAMANI

Msiiache dukani. Huenda bado ina majina, namba za simu na za vitambulisho vya wanachama. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka habari za watu zilindwe.

AKIBA HAIOZI

Tunaweka akiba ya fedha. Tuweke na akiba ya hesabu. Sasa, kila baada ya mkutano, sisi hunakili hesabu kwenye flashi inayokaa kwa katibu, na kuchapisha karatasi moja inayokaa kwa mweka hazina. Laptopu iko nyumba nyingine. Moja ikipotea, mbili zipo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Laptopu yenu ikifa leo jioni, mtapoteza hesabu za siku ngapi?
2. Nakala yenu iko kwa nani? Ni lini mliifungua mkaona kama inasomeka?
3. Mwanachama aliyepoteza kitabu chake atathibitishaje akiba yake?