Kahawa Isiuzwe Ingali Maua

Somo kwa wanandoa vijana katika msimu wa vuli



Mvua za vuli zinaposhuka katika nchi yetu ya Bukoba na Muleba, vumbi la kiangazi hutulia, rweya zilizokauka huchipua majani mabichi, na vibanjani mibuni huvaa maua meupe yenye harufu ya kupendeza. Leo twapenda kusema na wale ambao vuli hii ni ya kwanza au ya pili tangu wafunge ndoa. Twasema nao juu ya jambo moja tu, nalo ni kuuza kahawa ingali maua, ile biashara ambayo sote twaijua kwa jina la butura.

Arusi nyingi za vijijini kwetu hufungwa wakati wa kiangazi, kahawa ikiwa imekwisha kuchumwa na kuanikwa, na fedha ikiwa ingali mkononi. Kijana aliyezoea kuitwa kwa jina lake tupu huanza kuitwa Ta, na binti huanza kuitwa Ma. Ni heshima kubwa. Lakini ngoma hunyamaza, turubai hukunjwa, wageni hurudi makwao, na wale wawili hujikuta peke yao mbele ya kibanja, jembe na mvua. Hapo ndipo ahadi waliyoitoa altareni inapoanza kupimwa.

Kazi za vuli

Vuli ni msimu wa kutia zaidi kuliko kutoa. Maharage hupandwa kati ya migomba mara ardhi inapolainika. Migomba hupunguzwa machipukizi na majani makavu. Mashimo ya miche mipya ya mibuni huchimbwa na kutiwa samadi. Na yafaa vijana waulizie zile aina zinazostahimili ugonjwa wa mnyauko, zilizotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa mwaka 2011, ambazo baadhi yake zimepewa majina yetu wenyewe, Maruku, Bukoba na Muleba. Huko rweya nako, akina mama hulima misiri ya njugumawe.

Tena vuli ni wakati wa kulinda. Mnyauko wa migomba uliingia Muleba mwaka 2006, na tangu hapo uzembe wa mtu mmoja umeweza kuharibu vibanja vya majirani kumi. Kisu kilichokata mgomba mgonjwa kipitishwe motoni kabla ya kugusa mwingine, na ua dume livunjwe kwa kijiti cha panda, si kwa kisu.

Wanandoa vijana wafahamu pia kwamba kibanja walichokabidhiwa hakikuzaliwa na rutuba hiyo. Mvua ya ukanda wetu wa Ziwa ni nyingi, hata Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hiyo huosha udongo na kuudhoofisha. Ni mikono ya wazee wetu iliyourudishia nguvu kizazi baada ya kizazi, kwa nyasi zilizobebwa kichwani kutoka rweya, kwa samadi ya ng'ombe, kwa majivu na maganda ya jikoni. Wenye kuifanya kazi hiyo wamelala humo humo. Mwezi wa Novemba, Kanisa linapowakumbuka Marehemu wote, jamaa nyingi husafisha makaburi yaliyomo kibanjani mwao. Mwenye kulishika jembe mahali hapo anafanya kazi juu ya mapendo ya watu waliomtangulia.

Wala Mungu hakuuacha mwezi huo bila furaha. Ndiyo majira ya senene. Kwa desturi ya zamani, kuwakusanya ilikuwa kazi ya wanawake na watoto, na senene walikuwa zawadi ya heshima kwa mume na kwa wakwe. Siku hizi huuzwa sokoni, na nyumba nyingi hupata humo fedha ya chumvi, sabuni na mafuta ya taa.

Mnunuzi wa maua

Hata hivyo vuli ina shida yake, na shida hiyo ndiyo chanzo cha somo hili. Kazi ni nyingi na fedha hakuna. Kahawa iliyovunwa imekwisha kuuzwa, na ile ijayo ingali maua; itahitaji miezi minane au tisa au zaidi kabla ya kuiva. Maharage bado yako ardhini. Basi mtoto akipatwa na homa, au msiba ukitokea, au mwenye kudai deni la arusi akija na maneno makali, kijana hutazama huku na huku, asione mlango wowote isipokuwa mmoja. Hapo ndipo mnunuzi wa maua anapopiga hodi.

Tuchukue mfano, kwa tarakimu nyepesi, ili kila mmoja aweze kuhesabu. Kijana anatarajia kilo 200 za kahawa ya maganda. Mwezi wa Novemba anapewa shilingi 500 kwa kila kilo, jumla shilingi 100,000, na anaahidi kahawa yote. Mwezi wa Julai kilo moja inanunuliwa kwa shilingi 2,000, na mzigo ule ule una thamani ya shilingi 400,000. Kijana amepoteza shilingi 300,000. Kwa muda wa miezi minane, kila shilingi moja aliyopokea ameilipa kwa shilingi nne. Hakuna benki inayothubutu kutoza namna hiyo.

Na hasara haiishi hapo. Kiangazi kifikapo, mikono yake ni mitupu wakati majirani wanapopokea malipo. Vuli ya pili inamkuta maskini kuliko ya kwanza, naye analazimika kuuza maua tena, na safari hii kwa bei ya chini zaidi kwa kuwa mnunuzi anajua dhiki yake. Aliyeanza kwa kuuza maua huishia kuuza miti, na aliyeuza miti huishia kuuza kibanja pamoja na makaburi ya wazee wake.

Kuna jambo lililo baya kuliko hasara ya fedha. Mara nyingi butura hufanywa kwa siri. Mume hupokea fedha jioni, mke asijue. Mke hupalilia, hubeba nyasi, huhesabu moyoni nguo ya mtoto na bati la nyumba. Ndipo mwezi wa Juni mtu mgeni anapoingia kibanjani na magunia yake, na mke anaambiwa kwamba kahawa ile si yake tena. Siku hiyo hakuibwa kahawa tu. Imeibwa imani aliyokuwa nayo juu ya neno la mumewe, na hiyo hairudi kwa msimu mmoja. Wako pia wanawake watendao hivyo kwa waume zao, nao wasijihesabie haki.

Mafundisho ya Maandiko na ya Kanisa

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, aya ya 5 na ya 6 zimewekwa bega kwa bega. Ya kwanza yaamuru kwamba mwanamume aliyeoa karibuni asipelekwe vitani wala asitwishwe shughuli za watu, bali akae nyumbani mwaka mmoja amfurahishe mkewe. Ya pili yakataza mtu kuchukua jiwe la kusagia la mwenzake liwe rehani, kwa kuwa huko ni kuchukua uhai wake. Tukizisoma pamoja twapata fundisho kwa vuli yetu. Nyumba changa ni kitu ambacho taifa zima la Mungu liliagizwa kukilinda, na chombo kinachomlisha mtu hakiwekwi rehani. Kwetu sisi mbuni ndio jiwe la kusagia.

Tumkumbuke na Esau, ambaye habari zake zimo katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 25. Alirudi kutoka porini amechoka, akauza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. Njaa yake ilikuwa ya kweli, lakini Maandiko yamlaumu kwa kuidharau haki iliyokuwa na thamani kubwa mno kuliko bakuli lile.

Kanisa halikunyamaza katika siku zetu za karibu. Papa Yohane XXIII, yule yule aliyemfanya Laurean Rugambwa, mwana wa nchi hii, kuwa Kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960, alitoa mwaka uliofuata waraka uitwao Mater et Magistra. Humo alifundisha kwamba kazi ya mkulima ni wito wenye heshima mbele ya Mungu, kwamba wakulima wenyewe wawe watendaji wakuu wa maendeleo yao na waungane katika vyama vya ushirika, na kwamba wapatiwe mikopo yenye riba ya wastani. Maneno hayo yaliwafikia watu walioyaelewa upesi, maana ushirika wa kahawa wa Bukoba ulikuwa umeanzishwa tangu mwaka 1950.

Wazee wetu nao walikuwa na somo lao. Walipofunga udugu wa damu, walitumia buni mbili zilizokaa katika ganda moja. Ikiwa ganda moja la kahawa lilitosha kuwa shahidi wa agano kati ya marafiki wawili, itakuwaje kahawa hiyo hiyo iwe sababu ya kuvunja agano lililo kubwa zaidi, lile la Sakramenti ya Ndoa?

Yatupasayo kutenda

Kwanza, mume na mke wakae pamoja siku ile ile fedha ya kahawa inapopokelewa, na waitenge fedha ya vuli kabla ya kununua chochote. Wawe na daftari moja, na wote wawili wajue kilichoandikwa humo. Nyumba yenye daftari mbili ina mabwana wawili.

Pili, wasiingie ndoa kwa deni. Twawaambia wazazi na kamati za arusi kwa wazi: sherehe inayolipwa kwa maua ya mibuni si zawadi kwa maarusi. Heri chakula cha matoke na maharage mbele ya wageni wachache, kuliko karamu ambayo bibi arusi atailipa kwa kupalilia miaka mitatu.

Tatu, wajiunge na chama cha kuweka na kukopa, au na kikundi cha akiba cha kijiji, wangali na fedha, wasingoje shida. Mkopo halali una riba inayojulikana na tarehe ya kuisha. Tangu mwaka 2018 serikali imeagiza kahawa ikusanywe kwa njia ya vyama vya msingi, nayo imeikataza butura. Lakini viongozi wa vyama hivyo wajue kwamba chama kinachochelewesha malipo humsukuma mkulima mikononi mwa mnunuzi wa maua. Amri bila malipo ya upesi haitaponya ugonjwa huu.

Nne, pasiwe na siri juu ya mali ya nyumba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Na mwaka 1990 Mahakama Kuu, katika shauri lililoanzia Muleba, iliamua kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki sawa na mwanamume ya kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Mke si mgeni kibanjani. Lakini mume asingoje sheria imlazimishe kutenda lile ambalo ahadi ya altareni ilikwisha kumfundisha.

Tano, jumuiya zetu ndogondogo ziwe macho. Ugonjwa na msiba haviwezi kuahirishwa mpaka Julai. Jumuiya inayochanga kwa arusi, ikashindwa kuchanga kwa mgonjwa wa mwezi wa Novemba, haijaelewa bado jina lake.

Neno kwa wanunuzi

Hatuwezi kumaliza bila kusema na wanaonunua maua. Baadhi yenu twasali pamoja nanyi, na sadaka zenu zimesaidia kuezeka makanisa yetu. Mwasema kwamba mwawasaidia maskini, nao huja wenyewe. Ni kweli, huja wenyewe. Hata mtu anayezama hushika upanga akipewa. Ikiwa mwataka kumsaidia jirani, mkopesheni kwa masharti ambayo ninyi wenyewe mngeyakubali katika shida. Msipoweza hivyo, basi muiache kahawa yake ikomae juu ya mti wake. Aliyejipatia mali kwa shida ya mwenzake ana wajibu wa kurudisha, na toba bila kurudisha ina kasoro.

Nanyi maarusi wa mwaka huu, msiogope vuli. Itawachosha mgongo, lakini itawafundisha kungoja pamoja. Maua ya mbuni huanguka baada ya siku chache na kuacha punje ndogo za kijani ambazo hazina thamani machoni pa mtu mwenye haraka. Zitunzeni. Mkizifikisha kiangazi zikiwa zenu, mtakuwa mmevuna kahawa, na zaidi ya kahawa mtakuwa mmejua kwamba neno la mmoja wenu lamtosha mwenzake.

Ya kujadili katika jumuiya

1. Ni shida zipi hasa zinazowapeleka watu wa kigango chetu kwenye butura, na ni ipi kati ya hizo tunayoweza kuiondoa sisi wenyewe?

2. Katika nyumba zetu, nani ajua jumla ya fedha ya kahawa iliyopatikana msimu uliopita?

3. Je, sherehe za arusi zetu zajenga nyumba changa au zaitwisha deni? Tutapunguza nini?