Tui la nazi, mayai na kolesteroli

SWALI: Daktari, nina miaka 52, naishi Tanga. Kolesteroli yangu imeonekana iko juu, nikaambiwa niache mayai. Lakini wali wa nazi ndio chakula chetu cha kila siku. Nazi si haina kolesteroli?

JIBU: Kweli haina, kolesteroli ya chakula hutoka kwa wanyama. Ila hilo lisikupe utulivu, ndugu yangu. Kolesteroli nyingi ya mwilini hutengenezwa na mwili wenyewe, na kinachoipandisha zaidi kwenye damu ni mafuta yanayoganda: samli, siagi, mafuta ya nyama, na ya nazi pia, ambayo karibu asilimia 90 ni ya aina hiyo. Yakizidi, ini huzembea kuondoa LDL, ile kolesteroli mbaya, kwenye damu, nayo hujijenga kwenye kuta za mishipa miaka na miaka bila maumivu yoyote.

Yai moja lina takriban miligramu 200 za kolesteroli, lakini kwa watu wengi halibadilishi sana kipimo cha damu. Kwako ningeanza na tui. Kasimile, yaani tui zito la kwanza, iwe ya sikukuu. Siku za kawaida tumia tui la pili, au pika kwa mafuta ya alizeti kidogo. Tafadhali, pengo la tui usilijaze kwa mkate mweupe na soda, maana moyo hautapata nafuu.

Pima tena baada ya miezi mitatu. Na kama mzazi au ndugu yako wa damu alipata shtuko la moyo akiwa bado kijana, mwambie daktari wako mapema: huenda ukahitaji dawa.