Kuuza Gari Kuukuu

Mtu aliyelitumia gari lake miaka kumi na mitano hulijua kama mchungaji amjuavyo mbuzi wake. Ajua mlango upi haufungi sawasawa, na mlio upi wa injini ni wa siku zote na upi ni wa hatari. Maarifa hayo ni afadhali amweleze mnunuzi bila kuficha. Mnunuzi huja na fundi wake. Na fundi akifungua boneti akaona mafuta yanavuja mahali ambapo mwenyewe alisema hapana neno, bei huporomoka, si kwa sababu ya mafuta hayo, bali kwa sababu ya neno lililosemwa.

Kabla ya kutaja bei, yafaa mwenye gari atembelee viwanja vya kuuzia magari, aone magari ya namna hiyo na ya umri huo yanatakiwa kiasi gani, akikumbuka kwamba bei iliyobandikwa kiooni siyo ilipwayo. Mambo madogo, kama taa iliyoungua au mpira wa waipa, ayatengeneze. Kupaka gari zima rangi mpya ni gharama isiyorudi mara nyingi, tena humtia mnunuzi shaka kwamba panafichwa kutu. Naye atakapo kulijaribu barabarani, mwenyewe aone leseni yake kwanza, kisha aketi naye garini.

Lakini matata makubwa huja baada ya kupeana mikono. Katika Kenya, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, yasema kwamba yule ambaye jina lake limeandikishwa ndiye ahesabiwaye kuwa mwenye gari, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mathalani mwalimu wa Nyeri amemwuzia gari mtu wa Machakos, akapokea fedha, akatoa funguo, kila mtu akashika njia yake. Miezi minane baadaye gari hilo lamgonga mpita njia usiku, na dereva akimbia. Askari wakiifuata namba ya gari, watafika Nyeri. Huyo mwalimu hana hata kipande cha karatasi. Akumbuka tu kwamba mnunuzi alikuwa mtu mcheshi.

Sheria hiyo yamtaka mwuzaji ampe msajili habari katika siku 7, na gari lisitumiwe barabarani zaidi ya siku 14 kabla mwenye mpya hajaandikishwa. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa mtandao, katika Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA: mwuzaji huanzisha, na mnunuzi hukubali kwa upande wake. Asiyezoea kompyuta aweza kuomba msaada, ila asimpe mtu neno lake la siri. Mnunuzi asemaye, “Nitabadilisha mwenyewe baadaye,” huenda anataka kumwuzia mtu wa tatu bila kulipa ada. Asikubaliwe hata akiwa jirani. Na ikiwa gari lilinunuliwa kwa mkopo, na jina la benki limo bado, hapana budi benki iondoe jina lake kwanza.

Mapatano yaandikwe pia: namba ya gari, namba ya chesisi na ya injini, bei, kasoro zilizotajwa, namba za vitambulisho, na sahihi za wote wawili mbele ya shahidi. Saa ya kukabidhiana iandikwe pamoja na tarehe, kwa kuwa ajali ya jioni siku hiyo hiyo huleta ubishi mkubwa.

Kuhusu malipo, ujumbe wa simu ulioonyeshwa na mnunuzi si fedha. Mwuzaji atazame salio lake mwenyewe. Hundi nayo ingojwe mpaka benki iseme imelipwa. Walio waangalifu hukutana ndani ya benki, wakamaliza malipo na uandikishaji kwa kikao kimoja.

Mwisho, kampuni ya bima iarifiwe siku hiyo hiyo. Bima ya mwenye wa zamani haimfuati mnunuzi ila kampuni ikubali, na mnunuzi aambiwe hivyo kabla hajaondoa gari uani.