Kielelezo cha Utumbo wa Samaki katika Uchunguzi wa Chakula cha Ufugaji

Omena wa Ziwa Viktoria ni kitoweo cha binadamu. Papo hapo husagwa kuwa unga wa kulishia kuku na samaki wa kufugwa. Kwa kuwa chakula aghalabu huchukua zaidi ya nusu ya gharama za mfugaji wa samaki, watafiti wamekuwa wakitafuta badala yake katika soya, alizeti na hata wadudu. Suala linalozuka ni hili: tutajuaje kwamba utumbo wa samaki utakikubali chakula hicho kigeni?

Suala hili si la kubuni. Nchini Norwe, ilibainika katika miaka ya 1990 kwamba samoni wa Atlantiki akilishwa unga wa soya, sehemu ya mwisho ya utumbo wake hupata uvimbe. Majaribio ya kugundua madhara kama hayo huchukua majuma mengi, na samaki huuawa ili matumbo yao yachunguzwe.

Mnamo 2011, watafiti nchini Kanada walichapisha habari za seli walizozitoa katika utumbo wa trauti na kuzikuza maabarani. Seli za namna hii hupandwa juu ya utando wenye vitundu vidogo mno, uliotundikwa ndani ya kikombe. Zikisha kuenea na kushikamana, hugawa kikombe sehemu mbili: juu ni mfano wa ndani ya utumbo, chini ni mfano wa upande wa damu. Chakula humeng'enywa kwanza kwa vimeng'enya, kisha humiminwa juu. Mtafiti hupima virutubisho vilivyopenya hadi chini. Hupima pia ukinzani wa umeme kati ya sehemu hizo mbili. Ukishuka ghafla, ni dalili kwamba seli zimeachana na ukuta unavuja. Baadaye Chuo Kikuu cha Milan, Italia, kiliongoza mradi wa Umoja wa Ulaya uitwao Fish-AI, uliokusudia kuujenga utumbo wa trauti kwa ukamilifu zaidi.

Je, tukiite nini kitu hiki? Wapo watakaosema "utumbo bandia". Mwandishi hakubaliani nao, kwani meno bandia hutafuna, ilhali utumbo huu haumlishi yeyote. "Kielelezo cha utumbo" ni istilahi inayokiri mipaka yake.

Na mipaka ipo. Tabaka la seli halina njaa, wala haliwezi kukitema chakula kichungu. Halina jamii nzima ya bakteria waishio tumboni, wala haliwezi kutuambia samaki ataongezeka uzito kiasi gani. Kwa hiyo kielelezo hiki hufaa kuchuja: vyakula ishirini vikiingia maabarani, viwili vitatu vyenye matumaini ndivyo vipelekwe bwawani.

Kwa Kenya pana tatizo jingine. Trauti ni samaki wa maji baridi, na hapa kwetu hufugwa katika nyanda za juu kama zile za Mlima Kenya. Wafugaji wetu walio wengi hufuga ngege na kambare, samaki wa maji yenye joto. Ngege hula mimea kwa wingi na utumbo wake ni mrefu sana, tofauti na ule wa trauti alaye nyama. Chakula kilichoudhuru utumbo wa trauti huenda kisimdhuru ngege, na kinyume chake. Anayetaka kumwondolea omena mzigo wa kulisha mabwawa ya Kisumu hana budi kuanza na seli za ngege mwenyewe, zikuzwe katika joto alilolizoea, kisha matokeo yake yalinganishwe na ya samaki hai.