Tochi ya Usiku Shambani: Soma Namba Kabla ya Kutoa Hela

Kiangazi kikiingia, maswali ya vijana wa bustani kando ya Mto Wami yanahama kutoka kwenye mbegu na dawa, yanakuja kwenye tochi. "Bwana shamba, ninunue ipi?" Na hawaulizii ile tochi ya plastiki ya betri mbili kubwa. Wanaulizia hizi fupi za aluminiamu, urefu wa kiganja, wanazoziita "tochi za kijeshi", zenye mwanga wa kuumiza macho.

Swali lina uzito. Yule ambaye zamu yake ya maji inaangukia saa saba usiku, yule anayelinda matikiti yasiliwe na nguruwe pori, na yule mwenye kuku wa nyama elfu moja bandani, wote wanategemea kifaa hicho kimoja. Kikizima ukiwa mita mia mbili kutoka kibandani, na viboko wameshatoka mtoni kula, hapo hasara si ya hela tu.

Jina la kampuni sitataja, maana madukani majina yanabadilika kila mwezi na kuiga ni kwingi. Nataka ujue kupima mwenyewe.

Lumeni elfu tisini zinatoka wapi?

Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye tochi, bila kujali umeelekea wapi. Ili upate picha: balbu ya gari ya halojeni aina ya H4, ile ya wati 60/55, hutoa takriban lumeni 1,000 kwenye taa fupi. Kwa hiyo tochi ya kiganjani inayotoa lumeni 1,000 za kweli ni kali sana, haihitaji kusifiwa zaidi.

Sasa dukani utakuta boksi limeandikwa lumeni 90,000. Usibishane na muuzaji, piga hesabu. Tochi za LED za sasa, ukichukua makadirio ya shambani, hutoa kama lumeni 100 kwa kila wati moja ya umeme. Nzuri sana hupita hapo kidogo. Lumeni 90,000 zingehitaji wati 900, yaani umeme wa kukaribia pasi ya kunyoshea nguo, kutoka kwenye betri moja yenye unene wa kidole gumba. Haiwezekani. Hata ingewezekana, usingeweza kuishika kwa joto.

Hesabu hiyohiyo inakupa na muda. Betri nyingi za tochi hizi ni za lithiamu aina ya 18650. Namba hizo ni vipimo tu: upana milimita 18, urefu milimita 65. Ile kubwa kidogo ni 21700, upana 21, urefu 70. Chukua 18650 yenye mAh 3,000. Gawanya kwa 1,000, unapata 3. Zidisha kwa volti 3.6, unapata wati-saa 10.8. Tochi ya lumeni 1,000 inakula wati 10. Basi mwanga huo utaishi saa moja na dakika chache. Boksi likisema lumeni 1,000 kwa saa kumi kwa betri hiyo moja, unajua unaongopewa kabla hujafungua pochi.

Na betri yenyewe nayo inaongopewa. 18650 ya kweli haivuki sana mAh 3,500. Ukiona imeandikwa 9,900, weka chini. Njia rahisi ya kuikamata ni mizani: betri nzima ya 18650 ina uzito wa gramu 45 hadi 50 hivi. Mwezi uliopita nilipima moja ya "9,900" kwenye mizani ya mezani, ikaja gramu 28. Ganda kubwa, ndani kidogo. Ni kama kuuziwa mfuko wa mbolea uliojazwa nusu.

Dakika tano za kwanza na baada ya hapo

Hapa ndipo wengi wanapokosea wanapojaribu tochi dukani. Wanaiwasha, inawaka ukutani kama jua, wanalipa. Lakini mwili mdogo wa tochi hauna pa kupeleka joto. Tochi iliyotengenezwa vizuri hujipunguza yenyewe baada ya dakika chache ili isijiunguze. Huo si ubovu. Unachotaka kujua ni kwamba inajipunguza hadi wapi, na inakaa hapo kwa muda gani.

Kuna kipimo cha kimataifa kinaitwa FL1, kilichotoka Marekani mwaka 2009. Kampuni zinazokifuata hupima mwanga sekunde 30 baada ya kuwasha, na muda wa kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga ushuke kufika asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Umeielewa hiyo? Asilimia kumi! Tochi ya lumeni 1,200 inahesabiwa "bado inawaka" ikiwa imebaki na 120. Si uongo, ila usiposoma utadhani saa zote hizo ni za mwanga mkali.

Nilichofanya mimi, na wewe unaweza, ni hivi. Ingia chumba chenye dari nyeupe, funga madirisha. Simamisha tochi sakafuni ikitazama juu. Weka simu mezani pembeni, umewasha programu ya kupima mwanga (simu nyingi za Android zina kihisi hicho mbele, karibu na kamera). Andika namba ya sekunde ya 30, dakika ya tano, ya ishirini, ya sitini, na endelea. Simu haisomi lumeni, na usahihi wake ni wa hivihivi, lakini kwa kulinganisha tochi na tochi inatosha kabisa.

Nilipima mbili. Ya kwanza boksi lilisema lumeni 1,200 na saa 2 dakika 40, betri ya 18650 ya mAh 3,000. Simu ilisoma 212 mwanzoni. Dakika ya tano ilikuwa 115. Kisha, hapa ndipo nilipoipenda, ilikaa kati ya 115 na 108 kwa muda mrefu bila kutikisika, mpaka saa moja na dakika 35, ndipo ikashuka ghafla ikabaki mwanga hafifu wa kukurudisha nyumbani. Kwa hesabu, ni lumeni kama 600 kwa saa moja na nusu. Hiyo ndiyo tochi unayoinunua, ile 1,200 ni ya kuonyeshea watu.

Ya pili ni ile ya "lumeni 90,000". Ilianza na 96, yaani chini hata ya nusu ya mwenzake. Haikukaa popote. Dakika ya ishirini ilikuwa 47, saa moja ikawa 15, rangi imegeuka buluu. Hiyo inakufia taratibu mkononi na macho yako yanazoea giza bila wewe kujua.

Bei? Ya kwanza ilikaribia mfuko mmoja wa mbolea. Ya pili ilikuwa kama robo yake.

Kuona mbali si sawa na kuona

Lumeni zinaweza kuwa nyingi na bado usione ng'ambo ya shamba. Kinachopeleka mwanga mbali ni kandela, ukali wa mwanga pale katikati. Kioo kirefu na cha ndani kinaukusanya, kioo kifupi au chenye vinundu kinautawanya.

Kupima: nenda nje usiku, weka simu mita 5 kutoka kwenye tochi, lenga katikati, soma lux. Zidisha kwa 25, hiyo ni kandela. Ukitafuta kipeuo cha pili cha kandela na kuzidisha kwa 2, unapata umbali kwa mita kama unavyoandikwa kwenye boksi. Mfano lux 400: mara 25 ni kandela 10,000. Kipeuo cha pili ni 100, mara 2 ni mita 200.

Lakini hizo mita 200 ni pale mwanga unapobaki robo ya lux, sawa na mbalamwezi pevu. Utaona kitu kinatembea, hutajua ni nguruwe pori au ni ng'ombe wa jirani. Kwa kazi halisi kata nusu. Mita 100 mwanga unakuwa mara nne ya ule, hapo unatambua.

Na wengi wenu mnakimbilia umbali wakati hatari iko miguuni. Kifutu hakimbii ukija. Analala palepale akitegemea rangi yake, ukimkanyaga ndipo anauma. Tochi yenye mwali mwembamba inakuonyesha mti wa mita 150 na kukuachia giza hatua mbili mbele. Kwa anayetembea kwenye matuta ya bustani, chagua mwanga uliotawanyika, wa kutosha kumulika pande zote za njia. Na viatu vya buti, hiyo haina mjadala.

Bandani na kwenye miche

Tochi nyingi za aina hii zina swichi nyuma, na ukibonyeza inaanza na mwanga mkubwa kabisa. Kwa askari sawa. Kwa mfugaji ni balaa. Kijana mmoja wa kata jirani aliingia bandani saa tisa usiku kuangalia maji, akabonyeza, na kuku wa wiki nne wakakimbilia kona moja wakalundikana. Wa chini walikosa hewa. Kwa banda tafuta tochi inayoanzia mwanga mdogo, au inayokumbuka ulipoishia, na umulike dari, usiwamulike kuku machoni.

Miche ikikatwa shingoni usiku na mchana humwoni mdudu, shuku sota. Mchana anajificha udongoni, usiku anatoka. Pita na tochi saa mbili au saa tatu usiku, utamkuta kazini. Hapo lumeni 100 zinatosha, zaidi ya hapo majani yanang'aa tu na kukupofusha. Cha muhimu ni rangi. Mwanga wa buluu-buluu hufanya kijani na njano vifanane, na dalili za ugonjwa zinakupita. Kama boksi limeandika CRI 90 au zaidi, hiyo inaonyesha rangi karibu na ilivyo mchana.

Wenye mashine za kutotolesha, tochi hiyohiyo ni kifaa cha kupimia mayai. Siku ya saba, chumba kikiwa giza, weka yai juu ya kioo cha tochi: lenye mishipa lina kifaranga, jeupe tupu toa. Tumia mwanga wa kati na usiliache yai pale, kioo kinapata moto. Na kwa wenye mizinga, kioo chekundu. Nyuki hawaoni vizuri rangi nyekundu, mtafanya kazi kwa amani zaidi.

Ile taa ya kumetameta

Wanaouza huisifia sana: "Inafukuza tembo, inafukuza mwizi." Polepole. Kijana Mkenya Richard Turere, kutoka Kitengela karibu na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, alieleza kwenye jukwaa la TED mwaka 2013 jinsi alivyowazuia simba wasivamie zizi la ng'ombe. Aligundua simba wanaogopa mwanga unaotembea, kwa sababu wanajua kuna mtu. Akatumia betri kuukuu ya gari, kifaa cha indiketa ya pikipiki, sola na balbu za tochi mbovu, akafanya taa ziwake kwa zamu kana kwamba kuna mtu anazunguka. Ona tofauti: zile taa zilifanya kazi wakati yeye amelala ndani. Hakwenda kumkabili simba na tochi mkononi.

Kiboko usimsogelee na tochi ya aina yoyote, na usisimame kati yake na maji. Mwizi naye, mwanga wa kumetameta unampofusha kwa muda mfupi, lakini pia unamwambia ulipo. Ita majirani kwanza.

Maji, moto na betri

IPX4 ni mvua na mchirizo. IPX7 ni kuzama mita moja kwa nusu saa. Kwa anayemwagilia, usichukue chini ya IPX7. Kila mwezi fungua kifuniko cha nyuma, futa hesi, angalia oringi haijakatika, paka grisi kidogo ya silikoni.

Betri ya lithiamu usiiweke mfukoni pamoja na funguo au sarafu, ikigusana inaweza kuwaka. Usiichaji umelala, wala juu ya godoro la kibandani. Iliyopondeka au inayovuja usiichaji tena, na usiitupe motoni. Ukiweka tochi kwenye begi, legeza kifuniko cha nyuma robo mzunguko. Tochi nyingi hazitawaka hapo hata swichi ikibonyezwa, maana ikijiwasha kwenye mwanga mkubwa huku imefunikwa na nguo inaunguza. Msimu ukiisha, ihifadhi ikiwa na chaji nusu, mahali penye ubaridi.

Siku ya kwenda dukani beba simu yenye chaji. Omba betri uipime gramu kwenye mizani ya duka la jirani, kisha omba tochi iwashwe dakika tano mfululizo ukiwa umesimama hapo. Muuzaji akikataa, nenda duka linalofuata.